Kukodi, Kununua au Kushonesha Shela la Harusi

Shela la harusi huvaliwa siku moja, na kwa wanawake wengi ndiyo nguo ghali kuliko zote watakazovaa maishani. Hupatikana kwa njia tatu: kulikodi, kulinunua likiwa tayari, au kumpelekea fundi kitambaa alishone. Katika miji ya Tanzania kukodi kumezoeleka sana. Kariakoo, Dar es Salaam, duka lenye masanamu yaliyovishwa mashela mlangoni mara nyingi hukodisha na kuuza kwa wakati mmoja, na saluni nyingi zinazopamba maharusi zina chumba cha nyuma chenye magauni kadhaa yaliyotundikwa, ili bibi harusi alipie nywele, uso na shela kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaoona haya kusema shela lao ni la kukodi. Haya hiyo haina msingi. Gauni la kukodi lililokaguliwa vizuri na kurekebishwa na fundi hodari humpendeza mvaaji kuliko gauni jipya lililonunuliwa kwa kutazama picha, na fedha iliyookolewa huwafaa maharusi wanapoanza maisha.

Rangi nyeupe yenyewe si ya tangu na tangu, hata huko Ulaya ilikotoka. Kwa karne nyingi bibi harusi wa Ulaya alivaa gauni lake bora, liwe la bluu, la kahawia au jeusi, kisha akaendelea kulivaa Jumapili na sikukuu mpaka likachakaa. Mary, malkia wa Uskoti, alivaa nyeupe mwaka 1558 alipoolewa na mrithi wa kiti cha Ufaransa, lakini hilo halikugeuka desturi. Desturi ilianza kushika baada ya tarehe 10 Februari 1840, siku Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa na Albert. Victoria alivaa satini ya hariri iliyofumwa Spitalfields, London, yenye lesi ya Honiton iliyotengenezwa kwa mikono huko Devon, na sababu mojawapo ya kuichagua ilikuwa kuwatafutia kazi mafundi wa lesi ambao mashine zilikuwa zinawanyima riziki. Michoro ya harusi yake ilisambaa, na wenye uwezo wakaiga. Nyeupe ilikuwa rangi ya kujionyesha: nguo nyeupe huchafuka upesi na kufulika kwa shida, kwa hiyo aliyeivaa alikuwa anatangaza kwamba hana shida ya nguo. Maelezo ya kuwa nyeupe ni alama ya usafi wa bibi harusi yalipata nguvu baadaye, desturi ilipokwisha kuanza.

Afrika Mashariki gauni hilo liliingia na misheni, likakuta mavazi mengine ya ndoa ambayo hayajaondoka hadi leo. Pwani na Visiwani ipo kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo kwa vizazi vingi imekuwa kanga ya harusi. Uganda ipo gomesi, inayovaliwa kwenye kwanjula, siku familia zinapotambulishana. Rwanda upo mshanana, unaopita bega moja na kushuka hadi miguuni. Oman, ambako Wazanzibari wengi wana ndugu, kijani ni rangi iliyozoeleka ya bibi harusi. Shela jeupe halikuyafuta mavazi haya. Liliongezwa juu yake. Ndiyo maana bibi harusi wa leo hatafuti nguo moja. Tanzania ana kitchen party, ana send-off inayoandaliwa na upande wa kwao, na ana harusi yenyewe, na kila sherehe ina nguo yake. Wengine hubadilisha gauni hata ukumbini, baada ya kukata keki.

Mwanzo mzuri wa kutafuta shela, basi, ni kuhesabu sherehe zilizopo na kuamua fedha iende wapi. Katika familia nyingi shela huingia kwenye bajeti ya upande wa bwana harusi, na kamati hulijadili kama inavyojadili chakula, muziki na ukumbi. Kuchangiana ni jambo zuri, na lina historia ndefu hata kwa wakubwa wa dunia. Uingereza ilipokuwa bado inagawa nguo kwa kuponi baada ya Vita ya Pili ya Dunia, Princess Elizabeth aliolewa tarehe 20 Novemba 1947 kwa gauni la Norman Hartnell lililotiwa lulu ndogo zipatazo 10,000. Ilibidi apewe kuponi za nyongeza, na wanawake wengi wakamtumia za kwao, ambazo zilirudishwa kwa sababu sheria haikuruhusu kumpa mtu kuponi zako. Kamati za harusi za Tanzania hazina kizuizi cha namna hiyo. Zina hatari nyingine: anayechangia hujiona ana haki ya kuchagua. Ni vyema kamati itaje kiasi cha fedha na kukikabidhi, kisha gauni lichaguliwe na atakayelivaa.

Kiasi hicho kigawanywe tangu mwanzo. Bei ya gauni haijumuishi kila kitu. Yapo marekebisho ya fundi, utaji wa kichwani, gagulo la kulitanua gauni, viatu, sidiria inayofaa, na amana ya duka kama gauni ni la kukodi. Bibi harusi anayetumia fedha yote kwenye gauni hujikuta anabana marekebisho, na marekebisho ndiyo yanayoonekana picha zikitoka. Shela la bei ya wastani lililokaa mwilini sawasawa hupita shela la gharama linaloteleza kifuani likapandishwa na mikono miwili kila dakika.

Halafu kuna suala la wakati. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo. Tangazo la kwanza likisomwa, shela linapaswa liwe limeshapatikana, kwa maana wiki tatu zilizobaki ni za fundi. Anayeagiza gauni jipya kutoka kiwandani ajipe miezi minne hadi sita. Anayeshonesha ajipe miezi miwili au mitatu, na siku aliyoahidi fundi iwe wiki mbili kabla ya harusi. Mafundi wana wateja wengi, na Desemba hakuna fundi asiyechelewa. Anayekodi anaweza kuwahi kwa muda mfupi zaidi, lakini kalenda ina misimu yake. Harusi za Kikristo hupungua Kwaresima na kufurika baada ya Pasaka na mwezi wa Desemba. Harusi za Kiislamu hujaa kabla ya Ramadhani. Majuma hayo gauni zuri linaweza kuwa limeandikwa jina la mtu mwingine kwenye daftari la duka tangu miezi mingi nyuma.

Kabla ya kuingia dukani, kuna mahali pengine pa kupita: ofisi ya parokia au usharika. Makanisa mengi yana maelekezo kuhusu vazi la bibi harusi, hasa kifua, mabega na mgongo, na baadhi hutaka mikono iwe na kitambaa. Viongozi wengine wa kanisa hawasiti kumrudisha bibi harusi mlangoni ajisitiri, na aibu hiyo haifutiki. Dawa yake ni rahisi: kikoti kifupi cha lesi, chenye mikono, kilichoshonwa kwa rangi ya gauni, ambacho huvaliwa wakati wa ibada na kuvuliwa ukumbini. Kwa Waislamu wa pwani mambo huenda tofauti. Mara nyingi bwana harusi hufungishwa ndoa msikitini, bibi harusi akiwa nyumbani, na sherehe ya kumwonyesha bibi harusi huhudhuriwa na wanawake watupu. Hapo gauni linaweza kuwa la wazi kuliko lile la kanisani, mradi liwepo vazi la kujifunika njiani.

Sasa kitambaa. Katika maduka ya shela mteja husikia majina matano au sita yakirudiwa. Satini ni nzito, inang'aa na inashikilia umbo. Oganza ni nyembamba lakini ngumu, inafaa sketi pana. Shifoni ni laini na inaanguka. Krepu haing'ai, inafuata mwili na kuonyesha kila kilichovaliwa ndani. Neti hutumika kwa tabaka za sketi na kwa utaji. Lesi hushonewa juu ya vyote hivyo. Satini ya hariri na satini ya poliesta zinafanana zikiwa zimetundikwa, na karibu mashela yote ya bei ya kawaida ni ya poliesta. Poliesta haina ubaya kwa macho: haikunjamani sana na inafulika. Ubaya wake ni joto, kwa sababu hainyonyi jasho. Bibi harusi wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Januari, mwenye tabaka nne za poliesta na taa ya mpiga video usoni, ataloa kabla ya chakula. Kwa hiyo jambo la kuuliza ni bitana. Gauni lenye bitana ya pamba sehemu ya kifua na mgongo huvumilika. Lenye bitana ya poliesta huganda mwilini, na fundi anaweza kuibadilisha kwa gharama ndogo. Moshi, Mbeya au Iringa mwezi wa Julai hesabu hugeuka. Baridi ya huko haitaki mabega wazi saa mbili usiku.

Weupe nao uko wa namna nyingi. Upo weupe pe unaokaribia bluu, upo wa maziwa, upo wa krimu. Weupe pe hung'aa vikali chini ya jua la mchana na mara nyingine huifanya picha ikose nakshi za gauni; wa maziwa na wa krimu hutulia na huikubali ngozi nyeusi na ya maji ya kunde vizuri sana. Hakuna haja ya kubahatisha. Taa za dukani hudanganya, kwa hiyo gauni litolewe hadi mlangoni au barazani, litazamwe kwenye mwanga wa jua, kisha lipigwe picha kwa simu, mara moja bila mweko na mara moja na mweko. Mweko huonyesha jambo ambalo jicho halikuliona: kama bitana ni nyepesi kupita kiasi na mapaja yanaonekana.

Kuna jambo moja katika mashela ya siku hizi ambalo linastahili kusemwa wazi, kwa kuwa linawahusu wanawake wa Kiafrika moja kwa moja. Magauni mengi yana neti nyembamba kifuani, mgongoni au mikononi, ambayo imekusudiwa isionekane, ili maua ya lesi yaonekane kana kwamba yamebandikwa kwenye ngozi tupu. Neti hiyo huitwa ya rangi ya ngozi, lakini viwanda vingi huitengeneza kwa rangi ya ngozi ya Mzungu. Juu ya ngozi nyeusi hugeuka utando wa kijivu au wa waridi unaoonekana kutoka mwisho wa ukumbi. Kosa hapo ni la aliyetengeneza, na mvaaji hana sababu ya kulivumilia. Anayeagiza gauni jipya adai neti ya kahawia inayolingana na ngozi yake. Watengenezaji wengi sasa wanayo, ila huitoa kwa anayeitaja. Anayekodi au kununua lililo tayari ana njia mbili. Fundi anaweza kubandua neti ile na kuweka nyingine, kazi ngumu ikiwa lesi imetiwa shanga. Au neti ipakwe rangi. Neti ya nailoni hukubali rangi kwa urahisi, hata maji ya chai nzito huibadilisha. Neti ya poliesta huikataa mpaka ichemshwe na rangi maalumu, jambo ambalo haliwezekani ikiwa imeshashonwa kwenye gauni jeupe. Kipande kidogo cha ndani kijaribiwe kwanza, na kwa gauni la kukodi ruhusa ya mwenye duka ipatikane kwa maandishi.

Baada ya kitambaa huja umbo. Gauni la binti mfalme hubana kiunoni na kutanuka sana chini. Huficha nyonga na hutaka nafasi, na kwenye kanisa lenye njia nyembamba katikati ya mabenchi hulazimisha baba mzazi atembee nyuma badala ya ubavuni. Gauni linalotanuka polepole kuanzia kiunoni hadi miguuni huwakaa wanawake wengi bila ugomvi. Mshono wa samaki hubana hadi magotini kisha ukafunguka. Unapendwa sana Tanzania na Kenya, na una haki ya kupendwa, lakini mvaaji hana budi kujua kwamba hatapanda ngazi wala kuingia kwenye gari bila kusaidiwa. Gauni lenye kiuno kilichopandishwa chini ya matiti ndilo linalomstarehesha bibi harusi mjamzito, na ujauzito usifichwe kwa fundi, kwa kuwa tumbo la wiki nane zijazo ndilo linalopaswa kupimwa. Kwa bibi harusi anayetumia kiti cha magurudumu, gauni lipimwe akiwa ameketi: mbele liwe fupi lisinaswe na magurudumu, nyuma lisiwe na mkia, na uzito wa shanga uwekwe kifuani ambako ndiko macho ya wageni yatakapokuwa.

Vipimo vyenyewe ni vinne: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kuanzia kwenye kiuno hadi sakafuni. Vinachukuliwa kwa futi ya kamba, mpimwaji akiwa amevaa sidiria atakayovaa siku ya harusi na viatu vya siku hiyo, maana kisigino cha sentimita tisa kikibadilishwa na cha nne, pindo lote huharibika. Pindo zuri huishia sentimita moja au mbili juu ya sakafu upande wa mbele. Namba za mashela ya viwandani ni ndogo kuliko za nguo za kawaida. Anayevaa namba 12 akienda dukani anaweza kujikuta kwenye 14 au 16. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu unene wake. Hatari iko kwa anayenunua gauni dogo kwa matumaini ya kupungua. Kupunguza gauni ni kazi ndogo. Kuliachia kunategemea kitambaa kilichobakizwa ndani ya mshono, na magauni ya bei nafuu hubakiza kidogo mno.

Siku ya kujaribu, watu wawili wa kumsindikiza bibi harusi wanatosha. Mmoja awe mtu mzima mwenye kujua nguo, mama, shangazi au msimamizi wake, na mwingine awe rafiki anayeweza kusema kweli bila kuumiza. Wakifika saba, kila mmoja ana harusi yake kichwani, na bibi harusi huishia kukubali gauni linalowanyamazisha wote. Hilo hutokea sana, na ni jambo la kusikitisha, kwa sababu baada ya miaka picha itakayobaki ukutani ni ya mtu mmoja. Muuzaji mzuri humgeukia bibi harusi kwanza na kumuuliza anajisikiaje, ndipo awasikilize wengine.

Gauni lisihukumiwe kwa kusimama mbele ya kioo tu. Siku ya harusi bibi harusi hukaa ndani ya nguo ile saa kumi au zaidi, na sehemu kubwa ya saa hizo ameketi: kwenye gari, kwenye benchi la kanisa, kwenye meza kuu. Basi aketi. Fito za plastiki zilizoshonewa kifuani zikimchoma mbavu dakika ya tatu, zitamtoa machozi saa ya tano. Apige magoti, kama kanisa lake linapiga magoti. Ainue mikono yote miwili juu, kwa maana atapungia watu na kukumbatiwa na shangazi wote wa pande mbili. Gauni lisilo na mikono likishuka hapo, litashuka na ukumbini. Apande ngazi tatu. Acheze kidogo. Aulize atakwendaje chooni na nani atamshikia gauni, swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza hadi siku yenyewe. Gauni lenye mkia mrefu liwe na kitanzi na vifungo vya kuupandisha nyuma, la sivyo utakanyagwa kwenye muziki wa kwanza. Mkia wa Lady Diana mwaka 1981 ulikuwa na urefu wa mita saba na nusu na ushee, lakini alipita kwenye zulia la kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London akiwa na wasaidizi wa kuutandaza. Mkia wa mita tatu kwenye uwanja wa changarawe wa kanisa la kijijini utarudi na majani makavu na matope.

Kwa anayekodi, ukaguzi ndio kazi kuu. Gauni ligeuzwe ndani nje. Mahali pa kutazama ni kwapani, ambako jasho la wavaaji waliotangulia huacha utepe wa manjano. Ni kwenye pindo, ambako weupe hugeuka kijivu. Na ni chini ya zipu, ambako mshono huanza kuachia kwa kuvutwa. Zipu ifungwe na kufunguliwa mara kadhaa. Shanga zikiguswa kidogo zikadondoka, uzi umeshalegea na nyingine zitafuata. Mashela mengi ya kukodi yana kamba za kufunga mgongoni badala ya zipu, kwa makusudi, ili gauni moja limtoshe mwembamba na mnene. Kamba hizo ni za kuaminika kuliko zipu kwa mwanamke ambaye mwili wake unaweza kubadilika kwa wiki chache. Kila kasoro iliyoonekana ipigwe picha kwa simu mbele ya mwenye duka. Asiyefanya hivyo huweza kudaiwa fidia ya doa alilolikuta.

Mapatano yaandikwe. Karatasi itaje gauni lenyewe kwa maelezo yanayolitambulisha, tarehe ya kulichukua na ya kulirudisha, kiasi kilicholipwa, kiasi cha amana na lini kitarudishwa, nani anagharimia ufuaji, nini kinahesabiwa kuwa uharibifu, na nini kitafanyika ikiwa mteja wa wiki iliyopita atachelewa kulirejesha au atalirejesha limechanika. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa, na ndilo linaloleta kilio Ijumaa jioni. Gauni linalokodishwa kila Jumamosi halina siku ya kupumzika, kwa hiyo bibi harusi aliulizie tena wiki moja kabla na kulivaa kwa mara ya mwisho kabla ya kulichukua.

Kununua kuna mitego yake. Mashela mengi yanayouzwa Afrika Mashariki yametengenezwa China, ambako mji wa Suzhou una soko kubwa la magauni ya harusi, na wafanyabiashara huyaleta kwa kontena au kwenye mizigo yao. Anayeagiza mwenyewe kwa intaneti mara nyingi huona picha ya gauni la mbunifu wa Ulaya au Marekani, lakini anatumiwa nakala yake. Tofauti huwa kwenye lesi iliyobandikwa kwa gundi badala ya kushonwa na kwenye sketi yenye tabaka mbili badala ya sita. Picha za gauni lilivyo kweli, zilizopigwa likiwa mikononi mwa muuzaji, ziombwe kabla ya kulipa. Njia nyingine, isiyosifiwa vya kutosha, ni mitumba. Mashela hutokea kwenye marobota, na anayepita mara kwa mara Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, anaweza kupata gauni la kitambaa bora ambalo mwenyewe alilivaa saa chache, akalifikisha kwa fundi likatoka jipya.

Kushonesha kunamfaa mwenye umbo ambalo magauni ya viwandani hayalielewi, na mwenye fundi aliyekwisha kumwona akishona shela, kwa kuwa si kila anayeshona kitenge vizuri ana ujuzi wa fito za kifua. Fundi makini hushona kwanza gauni la majaribio kwa kitambaa cha amerikani, akalirekebisha mwilini mwa mvaaji, ndipo akate kitambaa cha harusi. Sketi pana yenye tabaka za neti hula mita kumi na zaidi, hivyo kitambaa kinunuliwe chote siku moja kutoka jora moja, kwani weupe wa jora jingine hauwezi kulingana. Malipo yagawanywe, na sehemu ya mwisho itolewe gauni likiwa limevaliwa na kuthibitishwa.

Gauni likishafika nyumbani, litolewe kwenye mfuko wa plastiki na kufunikwa kwa shuka safi la pamba, litundikwe kwa vitanzi vya ndani ili shanga zisivute mabega. Lipigwe pasi siku moja kabla, umeme ukiwapo, upande wa ndani na pasi isiyo kali. Neti ya nailoni huyeyuka kufumba na kufumbua. Msimamizi abebe sindano, uzi mweupe, pini na kitambaa cha mkono.

Baada ya harusi, shela la kukodi lirudishwe siku iliyoandikwa, na amana idaiwe papo hapo baada ya ukaguzi. Lililonunuliwa lifuliwe ndani ya siku chache hata kama linaonekana safi, kwa maana soda, mvinyo na sukari ya keki hukauka bila kuonekana na kugeuka doa la kahawia miezi kadhaa baadaye. Kama halitunzwi kwa ajili ya binti au mdogo mtu, liuzwe au likodishwe mapema, ndani ya mwaka wa kwanza, kitambaa kingali cheupe na mtindo wake ungali unaulizwa madukani.